Data za mwinuko za bure, milima ya Uluguru, napata wapi?

mtu_wa_mgeta: Wakuu habari zenu. Nataka kuchora kontua (mistari ya mwinuko ulio sawa) upande wa Mgeta, kijijini tunataka maji ya mserereko na wazee wananiuliza maji ya chanzo cha juu yatafika shuleni bila pampu au ndo basi. QGIS, ile programu ya ramani, naijua kiasi ila data sina, kuna ofisi nilienda wakanizungusha wiki mbili mwisho wakanitajia bei nikaaga kistaarabu. Za bure zipo?

kipimapembe: Pole mkuu, hela yako iache mfukoni. Chukua SRTM, ile data ya mwinuko iliyopimwa kwa rada na chombo cha anga cha Endeavour Februari 2000, siku 11 tu. Ingia EarthExplorer, tovuti ya USGS (wapima jiolojia wa Marekani), akaunti ni bure, zamani huku Afrika tulikuwa tunapewa ya mita 90 (kila nukta ni mita 90 ardhini) ila toka 2014 ya mita 30 iko wazi. Sasa angalia, Uluguru imekatwa na latitudo ya 7 kusini kwa hiyo unahitaji vipande viwili, S07E037 na S08E037, jina linasomwa kwenye kona ya chini kushoto na hapo ndo wengi wanadaunilodi kipande cha jirani. Kimoja ni kama MB 25, bando halifi.

mama_kontua: Mi SRTM nishaachana nayo. Data ya mwinuko ya Copernicus ya mita 30 imetoka kwenye rada ya setelaiti za Wajerumani za 2011 hadi 2015, iko kwenye tovuti ya OpenTopography, unachora boksi unapakua. Ila zote mbili zinapima juu ya miti jamani, ukiingia msituni kimo chako kina majani ndani yake. Na usizichanganye, moja inahesabu kimo kwa EGM96 nyingine EGM2008, yaani usawa wa bahari wanaoanzia kuhesabu si mmoja.

mtu_wa_mgeta: Nimepata nimeunganisha, mbona slopu (mteremko) inasoma nyuzi 89 kila mahali hadi uwanja wa mpira??

kipimapembe: 😂😂 Kimo kiko kwa mita, umbali wa ardhini uko kwa digrii, itakosaje kuwa ukuta. Badilisha iwe UTM 37S, mfumo wa ramani unaopima ardhi kwa mita (kwenye QGIS namba yake ni EPSG 32737), ndo upige slopu.

mtu_wa_mgeta: Imekubali! Chanzo kiko juu ya shule kwa mita 60 na ushee.

mama_kontua: Usikimbilie kununua bomba. Chora profaili ya njia nzima, kukiwa na kigongo katikati kinachozidi chanzo maji hayapandi hata shule iwe bondeni. Na chanzo chenyewe si kiko msituni? Hapo toa urefu wa miti kwanza, halafu sehemu zenye utata kapime kwa mpira wa maji kama mafundi ujenzi.

mtu_wa_mgeta: Kigongo kipo, pale kanisani. Jumamosi napanda na mpira.