Kambi za KAR Tanganyika: jalada la ardhi na majengo nalipata wapi?

Mtafiti_Upanga: Wakuu, natafuta nani alikuwa mwenye ardhi na majengo ya kambi za KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Mwingereza Afrika Mashariki) hapa Tanganyika kabla ya 1939. Nimepekua orodha za Wizara ya Vita ya Uingereza (zile za WO), sioni cha maana. Nakosea wapi? Na mawe ya mipaka yenye mshale yanasomwaje?

Bikoni: Mkuu, umebisha hodi nyumba ya jirani. Hadi vita vya 1939, KAR ilikuwa chini ya Wizara ya Makoloni na gharama zake zilibebwa na serikali za makoloni. Anza na majalada ya wizara hiyo, yenye alama CO, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza: CO 534 (1905–1926), endelea na CO 820 kuanzia 1927, na CO 691 kwa mambo ya Tanganyika yenyewe.

Kisha tenganisha maswali matatu: ardhi ya nani, jengo limejengwa kwa fungu la nani, na nani anakaa humo. Ukiyachanganya utapotea. Mali za serikali ya Kijerumani zilipita kwa Mwingereza bila malipo, kwa kifungu cha 257 cha Mkataba wa Versailles (mkataba wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza). Sheria ya Ardhi ya 1923 ikaweka ardhi chini ya Gavana, isipokuwa yenye hati za zamani. Kwa hiyo usishangae kukosa hati yenye jina la jeshi. Ujenzi na ukarabati utafute kwenye karatasi za PWD (Public Works Department, Idara ya Kazi za Umma).

Jina la kambi ya Colito (Lugalo ya leo) limetoka kwenye mapigano ya Ethiopia ya 1941, usilitafute kwenye karatasi za kabla ya hapo.

Masijala: Nakazia hoja ya Bikoni kwamba kambi hizi usizitafute Wizara ya Vita. Kifungu cha 4 cha hati ya udhamini ya 1922 (iliyompa Mwingereza kuitawala Tanganyika) kilimkataza Mwingereza kuweka vituo vya kijeshi au kujenga ngome Tanganyika. Ukipima kambi zetu kwa kipimo cha Gibraltar au Bermuda, zilizokuwa ngome za Mwingereza, utakosea.

Kuhusu mawe ya mipaka, mshale ulikuwa alama ya Bodi ya Ordnance (chombo cha Uingereza cha silaha na ngome), iliyovunjwa 1855, mali zake zikaenda kwa Waziri wa Vita. Jiwe la baadaye lina mshale kati ya W na D (War Department, Idara ya Vita), pamoja na namba. Hiyo namba ndiyo ya kunakili kwanza, maana ndiyo unayolinganisha na ramani za Wizara ya Vita, jalada WO 78. Jiwe moja lisikudanganye, mawe huhamishwa. Tafuta la kabla na la baada yake, pima umbali kati yake, ndipo uamini mstari.

Mtafiti_Upanga: Shukrani wakuu. Na jengo lenyewe nikilikagua?

Fundi_Chokaa: Kuta za zamani za pwani ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukiona plasta ya saruji imevimba kuanzia chini hadi usawa wa kiuno, bandua kipande: ukutani utakuta unga mweupe wa chumvi. Saruji imezuia unyevu kutoka. Iondoe yote, ukuta ukauke, upige chokaa na mchanga, moja kwa tatu. Mchanga wa baharini usiuguse. Boriti zitoboe kwa bisibisi pale zinapoingia ukutani, ndipo zinapoanza kuoza. Katikati zitakuonyesha uzima tu.