Naomba ushauri: Marrakech mpaka Merzouga jangwani kwa gari ya kukodi

Wakuu habari zenu, niko hapa Tanga, mimi na mama watoto tumejipanga Januari twende Moroko, tunashukia Marrakech tuzunguke mji wa kale kwanza halafu tukodi gari tuendeshe wenyewe, tupande milima ya Atlas kwa njia ya Tizi n'Tichka, tupite Ouarzazate mpaka Merzouga kwenye vile vilima vya mchanga. Ni kama kilomita 560, wapo wanaosema inaendeka siku moja ila mi naona hapana, nataka tulale njiani tuione Aït Benhaddou vizuri, ile ngome ya udongo iliyoingia UNESCO 1987.

Kinachonipa presha ni mlima. Kona za Mombo kupanda Lushoto nazimudu hata usiku, ila kule barabara inafika mita 2,260 na Januari theluji inaanguka, saa nyingine wanafunga njia kabisa, halafu wanaendesha kulia, usukani kushoto, hiyo sijawahi kabisa.

Aliyewahi kuendesha kule anijuze, nisogeze mpaka Aprili au nikodi na dereva? Na jangwani usiku tubebe nguo gani, maana mwenzangu baridi ya Lushoto tu inambana kifua.