Tupeane uzoefu: bimu zimekufaa au zimekuponza?

Mjenzi wa Bahati
Habari zenu jameni. Najenga nyumba ya vyumba vitatu hapa Bahati, Nakuru, mawe ya machimbo, na kuta zimeshapita linta. Fundi anasema ring bimu, ule mkanda wa zege na chuma unaozunguka juu ya kuta, ni kutupa pesa kwa nyumba isiyo na ghorofa, eti mawe ni mazito, yatajikalia. Shemeji yangu, ambaye hajawahi kushika mwiko maishani, anasema nisikubali. Waliojenga, leteni yenu. Yawe yaliyowakuta, si ya "nilisikia".

Fundi Lanet
Shemeji yako yuko sawa, hata kama hajui kwa nini. Mawe ni mazito ndiyo, lakini uzito haufungi kona. Paa linasukuma kuta nje, upepo unayavuta mabati juu, na kila ukuta unataka kwenda zake. Ring bimu ni mkanda unaozishika zote pamoja.

Kwa nyumba ya chini wengi wetu tunaweka vyuma vinne vya Y12 (unene milimita 12) na ringi za R8 (chuma cha milimita 8 kinachovizunguka) kila sentimita 20. Wewe kaa macho kwenye kona. Fundi mvivu hukata chuma kikifika kona, cha upande wa pili naye anakianzia hapo hapo. Ukimwaga zege unapata vipande vinne vya bimu vilivyopakana tu, na ufa utaanzia hapo. Chuma kikunjwe kona, kisha kilaliane na mwenzake angalau futi mbili. Kabla zege halijashika, pandikiza vipande vya hup ayani, ile mikanda myembamba ya chuma, vya kufungia mbao za paa. Nimeona paa zikipeperuka na mbao zake zote, huku ukuta umebaki umesimama safi.

Halafu wewe uko Bahati, bwana. Subukia ni pua na mdomo. Tetemeko la Januari 1928 lilipiga huko, ukubwa 6.9, na hakuna kubwa kuliko hilo lililorekodiwa Kenya. Bonde la Ufa halijalala.

Nyar Manyatta
Mimi niko Kisumu, na huku shida huanzia chini, juu baadaye. Udongo wetu mweusi mvua ikinyesha unavimba, Januari unapasuka hadi mguu wa kuku unaingia. Nyumba za jirani zangu zilizokaa juu ya msingi wa kawaida zina nyufa za ngazi kutoka dirishani hadi chini. Yangu niliwekewa bimu ya chini kuzunguka kuta zote, gharama ilinichoma, lakini milango bado inafungika.

Kilichoniuma ni balkoni ya nyumba ya kupangisha. Siku ya kumwaga zege vijana walikuwa wanapita na wilbaro juu ya vyuma, vikabonyea hadi chini. Balkoni imeshikwa upande mmoja tu, kwa hiyo inavutika upande wake wa juu, na chuma kinatakiwa kiwe juu. Zege hubeba mzigo ukilikandamiza. Ukilivuta linakatika, chuma ndicho kinachoshika. Baada ya mvua mbili ufa ukatokea juu, pale balkoni inapokutana na ukuta. Injinia alikuja, akaangalia, akasema ivunjwe. Tukavunja. Yule aliyesimamia kazi hashiki simu hadi leo.

Mjenzi wa Bahati
Pole dada. Kwa hiyo kwa bimu inayopita juu ya dirisha chuma kikubwa ni chini, kwa balkoni ni juu?

Nyar Manyatta
Ndivyo. Na viwekewe biskuti za simiti chini yake, visilale kwenye mbao.

Trela ya Usiku
Mimi nilifungua uzi huu nikidhani ni bimu za gari, maana huku Salgaa ndizo zinatuumiza. Mtu wa ful, yaani taa ndefu, ukimkonyezea anashusha. Wanaoniudhi ni wale ambao hata wakiwa kwa dimu, yaani taa fupi, wanakupofusha. Glopu ya H4 ina nyuzi mbili, wati 55 za dimu na 60 za ful, na chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usipande juu. Sasa kijana wa spea anakuuzia LED, unaichomeka kwenye taa iliyotengenezewa glopu, mwanga unatapakaa hadi juu ya miti. Mwenye gari anafurahi. Mimi ninayekuja naona weupe tu.

Nikikutana naye napunguza mwendo, macho nayaweka kwenye mstari wa kushoto wa barabara mpaka apite. Ukimjibu na ful yako, mmekuwa vipofu wawili kwenye mteremko wa Sachangwan.

Na mnaonunua taa za mitumba: dimu ya gari la Japani huinuka kidogo kushoto, imulike kando ya barabara, kwa sababu nao huendesha kushoto. Iliyotolewa kwa gari la usukani wa kushoto huinuka kulia, moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja. Makanika wengi hawakuambii, na taa inaingia tu vizuri.

Mjenzi wa Bahati
Si bimu niliyouliza, lakini hii nimeichukua.

Omukulima Kimilili
Mulembe. Basi na mimi niongeze ya plau, ule mti mrefu wa chuma ulio kati ya mishikio na mnyororo wa ng'ombe. Vijana wanakandamiza mishikio ili jembe lizame, wanachosha mikono na ng'ombe bure. Mbele ya bimu kuna kichuma chenye matundu. Mnyororo ukiupandisha tundu la juu, jembe linazama, ukiushusha, linaelea. Gurudumu likibonyea sana ardhini, umepandisha kupita kiasi. Linatakiwa liguse tu.

Mtoto wa KICOMI
Kwetu Kisumu bimu ilikuwa ya kiwandani. Mzee alikuwa upande wa kufuma KICOMI, kiwanda cha nguo: nyuzi zote za urefu wa kitambaa huvingirishwa kwanza kwenye bimu, na uzi mmoja ukilegea kasoro yake inaonekana kitambaa kizima. Kiwanda kilifungwa miaka ya 1990, lakini nyumbani bado hakubali kamba ikunjwe ovyo.

Mjenzi wa Bahati
Asanteni. Fundi Lanet, nimeamua naweka. Mbao natoa lini?

Fundi Lanet
Za pembeni siku ya pili si mbaya. Zinazobeba chini, juu ya nafasi za milango na madirisha, ziache wiki mbili na miti yake. Mwagilia maji asubuhi na jioni siku saba, na jua likiwa kali funika na magunia. Vyuma vikishafungwa weka picha hapa kabla hujamwaga, kona zote nne. Tutakuhesabia ringi.