Sinza: tujenge vyumba uani, tuvunje tupandishe ghorofa, au tugawe kiwanja? Naombeni uzoefu

Kijana wa Kumekucha (mleta mada)
Wakuu, salaam. Tuna nyumba ya familia Sinza, Dar es Salaam, mzee aliijenga enzi za viwanja vya mradi. Mzee ametangulia mbele za haki, mama bado anaishi humo, na sisi watoto tuko wanne. Nyuma ya nyumba kuna eneo limekaa tu, lina mwembe na kamba za kuanikia nguo. Mawazo yamekuwa matatu. Kaka mkubwa anataka vyumba vya kupangisha uani. Dada anasema tuvunje yote tupandishe ghorofa la apatimenti. Mdogo wetu anataka tugawe kiwanja, nusu tuuze na nusu abaki nayo mama. Kikao cha familia ni mwisho wa mwezi na fundi ameshatuletea makadirio ya vyumba. Kwa Sinza ya sasa, kipi kinalipa?

FundiChuma
Ghorofa, mkuu. Sinza ya leo mtu anajenga chini? Njia ya mabasi ya mwendokasi awamu ya nne inapita barabara ya Sam Nujoma, Mwenge mpaka Ubungo. Wapangaji wako tele. Pandisha.

Ramani Mkononi
Mleta mada, hujatupa chochote cha kufanyia kazi. Kiwanja kina mita ngapi kwa ngapi? Hati ipo, na kama ipo ni ya miaka mingapi, ilianza lini? Imeandikwa matumizi gani? Bado jina la mzee au msimamizi wa mirathi ameshateuliwa? Barabara ya mbele ina upana gani? Kuna bomba la majitaka au mnatumia chemba? Fundi anapiga hesabu za tofali na saruji tu. Kabla ya hizo kuna masharti ya kiwanja, na hayo ndiyo yatakayokwambia lipi kati ya hayo matatu linawezekana.

Bi Mwanaidi wa Mori
Mwanangu, jenga vyumba uani. Mimi ninavyo vitatu, choo ndani, na ndivyo vimesomesha watoto. Mpangaji akihama leo, kesho dalali kaleta mwingine. Ghorofa utaingia mkopo wa benki uuguze presha.

Kijana wa Kumekucha
Shikamoo mama Mwanaidi, nimekusikia. @Ramani Mkononi, ahsante. Kiwanja ni mita 12 kwa 24. Hati ipo, jina la mzee, nitamwomba mama aitoe nisome vizuri. Mirathi bado hatujafungua. Barabara ni ya mtaa, gari mbili zinapishana kwa shida.

Ramani Mkononi
Sasa tunazungumza. 12 kwa 24 ni mita za mraba 288, kipimo cha viwanja vingi vya ule mradi wa miaka ya 70 wa Benki ya Dunia, Sinza na Kijitonyama. Kwa hiyo wazo la mdogo wako ndilo gumu kuliko yote. Ukigawa unapata vipande vya 144 kila kimoja, chini ya kiwango cha chini cha kiwanja cha makazi kwenye eneo lililopangwa. Afisa mipango miji hawezi kupitisha mchoro huo. Na kugawa si kuchora mstari katikati. Mtaalamu wa mipango miji aliyesajiliwa huandaa mchoro, halmashauri inapitisha, mpimaji anapima, ramani inaidhinishwa, hati ya zamani inarejeshwa, ndipo zinatoka mbili mpya.

La pili, mirathi. Hati ikiwa na jina la marehemu, hakuna kibali cha ujenzi kitakachotoka kwa jina la kaka mkubwa. Nendeni Mahakama ya Mwanzo mteue msimamizi, kisha msimamizi asajiliwe kwenye hati.

La tatu, angalia miaka. Hati nyingi za zamani zilikuwa za miaka 33. Kama ya mzee ilianza 1985, iliisha 2018 na mnatakiwa kuihuisha kwanza.

Kisiki cha Mpingo
@Ramani Mkononi unawatisha watu. Mbona Manzese na Tandale wanapimiwa vipande vidogo kuliko hivyo na wanapewa hati?

Ramani Mkononi
Hiyo ni urasimishaji, Kisiki. Watu walishajenga bila mpango, serikali inawapimia walipo ili wawe na miliki halali na njia ziokolewe kabla hazijazibwa. Sinza imepangwa tangu mwanzo, ina mchoro wake, njia, maeneo ya wazi. Huwezi kuchukua nafuu ya eneo lisilopangwa ukaileta kwenye eneo lililopangwa. Zote ziko chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007 lakini taratibu ni mbili tofauti.

Kisiki cha Mpingo
Basi sheria inambana aliyefuata utaratibu na kumpa nafuu asiyefuata. Hilo mimi sikubaliani nalo na nitalisema popote.

Mama Tunu
Kwa habari ya kugawa na kuuza nusu, naomba mleta mada asome hili mpaka mwisho, asome na mdogo wake.

Mdogo wangu wa kike alinunua nusu ya kiwanja, mtaa sitautaja. Muuzaji ni mzee wa watu, ana nyumba mbele, nyuma kumekaa wazi, kama kwenu. Wakaandikiana ofisi ya serikali ya mtaa, mashahidi wawili kila upande, mhuri ukagongwa. Nakala ya hati alionyeshwa, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Akajenga vyumba viwili na sebule, akahamia na watoto. Njia ya kuingilia ilikuwa ubavuni mwa nyumba ya mzee, upana wa bajaji.

Mzee alipofariki, watoto wake wakaja na ile hati halisi. Ni kiwanja kimoja, namba moja, jina moja. Hakuna mahali panapoonyesha kiwanja kiligawanywa. Mkataba wa serikali ya mtaa unathibitisha kwamba hela zilipokelewa, lakini haukuzaa kiwanja kipya. Kwenda halmashauri kuomba kibali cha kuongeza chumba, akaambiwa ujenzi wake wote hautambuliki. Wiki iliyofuata akakuta ukuta wa mbele umechorwa alama ya X nyekundu na maneno ya kusimamisha ujenzi. Watoto wa mzee nao wakaweka geti kwenye ile njia. Mdogo wangu alikuwa anapitisha ndoo za maji kwa jirani wa nyuma, kupitia tundu la ukuta.

Kesi ikaenda Baraza la Ardhi na Nyumba, ikapanda Mahakama Kuu. Mpaka leo anaishi pale lakini hana cha kumwachia mtoto. Halafu ukiwauliza watu wa mtaa wanakwambia mbona wote tunauziana hivyo.

Kwa hiyo mkiuza nusu bila kugawa kihalali, mnamuuzia mtu kesi. Msimfanyie mtoto wa mwenzenu.

Bi Mwanaidi wa Mori
Pole sana mama Tunu. Na mimi nimeliona hilo hapa kwetu.

FundiChuma
Poleni. Lakini hiyo ni sababu nyingine ya kwenda ghorofa. Kiwanja kibaki kimoja, nyumba ziwe nyingi, kila ndugu apate yake juu.

Mdau wa Kota
Hapo FundiChuma kagusa penyewe. Kuna Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008. Ghorofa likishakamilika, kila apatimenti inaweza kupata hati yake, na ngazi, paa, ua na maegesho vinabaki mali ya pamoja. Ndugu wanne, kila mmoja na hati yake. Magomeni Kota wameweka kaya 644 pale zilipokuwa nyumba za chini. Mji hauwezi kwenda mpaka Kibaha kila mtu akitaka ua wake. Maji, umeme na barabara viko Sinza tayari, tuvitumie.

Ramani Mkononi
Mdau, nakuunga mkono kwenye kanuni, ila Magomeni Kota ni eneo kubwa la serikali lililopangwa upya lote kwa pamoja. Huyu ana mita 12 za upana. Toa nafasi inayotakiwa kati ya jengo na mpaka, kushoto, kulia, mbele na nyuma, kisha toa ngazi na maegesho. Kinachobaki ni chembamba. Kuna asilimia ya kiwanja inayoruhusiwa kufunikwa na jengo, na kuna uwiano wa eneo la sakafu zote kwa eneo la kiwanja. Hivyo viwili ndivyo vinavyoamua idadi ya sakafu. Aende na hati halmashauri ya Ubungo, aombe kuonyeshwa mchoro wa mpango kina wa mtaa wake na masharti yake. Jibu lipo kwenye ule mchoro.

Kisiki cha Mpingo
Na jirani je? Mimi niliyejenga chini, wewe unapandisha sakafu nne, dirisha lako linatazama bafu langu. Unachimba msingi mita moja kutoka ukuta wangu. Tumeona Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa lilivyoanguka na watu wakafukiwa. Mnazungumza wapangaji, jirani hamumzungumzi.

FundiChuma
Kisiki, ghorofa likijengwa na mhandisi aliyesajiliwa, udongo ukapimwa na nondo zikawekwa kama zilivyochorwa, halianguki. Yanayoanguka ni ya kuongeza sakafu juu ya msingi uliopigwa kwa ajili ya sakafu moja. Nimekataa kazi za namna hiyo na nitaendelea kukataa.

Kijana wa Kumekucha
Wakuu nimerudi. Mama ametoa hati. Ni ya miaka 99, imeandikwa makazi tu, Kundi A la matumizi ya ardhi. Na nilisahau kusema jambo: kiwanja chetu kiko upande wa bondeni, Mto Ng'ombe hauko mbali.

Ramani Mkononi
Hauko mbali maana yake mita ngapi? Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto. Kama mko ndani ya hizo, mengine yote tuliyozungumza yanasubiri. Pimeni kutoka ukingo wa mto, msikisie kwa macho.

Hati ya miaka 99 ni habari njema. "Makazi tu" maana yake vyumba vya kuishi sawa, ila ule mpango wa fremu za duka mbele, ambao najua kwenye kikao utatajwa, unahitaji kubadili matumizi ya ardhi, na majirani wana haki ya kupinga.

Kijana wa Kumekucha
Fremu kweli kaka alizitaja. Mto, kwa kukadiria ni nyumba nne au tano mpaka ukingoni. Nitapima.

Bi Mwanaidi wa Mori
Kama ni bondeni, nisikilize tena. Masika maji yanapanda kutoka chini, chemba inajaa hata kama hamjaitumia. Ukiweka wapangaji sita uani na chemba moja, gari la majitaka litakuwa mlangoni kwako kila mara, na kwa barabara hiyo uliyosema halitaingia. Watavuta mpira mpaka mtaa wa pili.

Mdau wa Kota
Ndiyo maana nasema chemba ziishe mjini. DAWASA, mamlaka ya maji na majitaka, wapeleke mabomba, ndipo tujenge juu.

Kisiki cha Mpingo
Yatapelekwa lini? Sasa hivi watu wanafungulia chemba mvua ikinyesha, uchafu wote unaingia mtoni na unarudi kwenye visima vyetu.

Mama Tunu
Kisiki hapo umesema kweli tupu. Kwetu wanafungulia usiku wa manane.

Jioni Njema
Samahanini, naomba kuuliza pembeni kidogo. Nina vyumba uani, kila mpangaji ana mita yake ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, na kila mita inakatwa kodi ya jengo shilingi 1,500 kwa mwezi. Jengo ni moja. Wapangaji wananinunia mimi.

Bi Mwanaidi wa Mori
Nenda ofisi inayosimamia kodi ya majengo na namba za mita zote, ueleze kwamba ni jengo moja, wabakize mita moja ya kukatwa. Na ile waliyokatwa wapangaji, kodi ni ya mwenye nyumba, warudishie kwenye pango.

Jioni Njema
Ahsante mama. Je, vyumba vya uani vikiwa na paa lake peke yake, si jengo la pili?

Ramani Mkononi
Jioni Njema, vilijengwa kwa kibali? Anza na hilo kabla hujaenda kuhesabiwa majengo. Siku hizi maombi ya kibali yanapita kwenye Tausi, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, unaweka michoro na nakala ya hati, na unafuatilia kwa simu.

Jioni Njema
Nilivikuta, nilinunua nyumba ikiwa navyo.

FundiChuma
Mleta mada, ukimaliza kupima mto tuambie. Na huyo fundi wako mwulize makadirio yake yana msingi wa aina gani, maana udongo wa bondeni pale ni mfinyanzi mweusi, unavimba masika na kupasuka kiangazi.

Kisiki cha Mpingo
Na mwulize amepanga kuweka chemba wapi. Sinza kuna watu wamezichimba barabarani, chini ya njia ya wote, na hakuna aliyewagusa.

Mama Tunu
Hiyo ya barabarani ifungulieni uzi wake, jamani, nina picha za kuweka.