Mwanafunzi mpya "katokea Pemba" lakini si Pemba yetu, nimsaidie vipi?

chaki_nyeupe:
Assalaam alaykum wadau. Nasomesha darasa la nne hapa Unguja, skuli siitaji. Mwezi uliopita kaletwa mtoto wa kiume na ami yake, nikamwambia ajitambulishe kwa wenzake, akasema "natoka Pemba". Weee, darasa zima likamvamia, Pemba wapi, Wete? Mkoani? mbona husemi kipemba? Mtoto kaduwaa tu. Kumbe Pemba yake ni ule mji wa Msumbiji, makao makuu ya Cabo Delgado, huko kwenye vita tokea 2017. Kwao khasa ni Mocímboa da Praia, wakakimbilia huko Pemba ndo baadae wakaja huku. Nyumbani wanasema Kimwani, skuli alisomeshwa Kireno, Kiswahili anakisikia kiasi lakini kukiandika bado, na hesabu anakosa hata zile nyepesi. Halafu juzi embe limeanguka juu ya bati, puu! nageuka namuona yuko chini ya dawati. Wenzake wakacheka. Darasa lina watoto 80 na kitu, mkuu wa skuli anasema tumrejeshe la kwanza akaanze alifu kwa kijiti. Mlosomesha watoto kama hawa nisaidieni.

bi_mahesabu:
Waalaykum salaam maalim. La kwanza usimpeleke, mtoto mkubwa ukamkalisha na watoto wa miaka sita ndo ushamfukuza skuli hivyo. Hebu nikuulize, hayo makosa ya hesabu umeyaangalia vizuri? Mana mimi nliwahi kupata mtoto alosomeshwa Kireno, kila penye desimali nampiga mkasi, kumbe wao badala ya nukta wanaweka mkato, sisi 2.5 wao 2,5. Na kugawanya kwa njia ndefu ile namba anayogawia anaiweka mkono wa kulia, ukitizama haraka unaona kapindua kila kitu na jibu liko sahihi kabisa. Nlijiona mjinga wallahi. Mpe karatasi ya namba tupu bila ya maneno, yale mafumbo ya "Juma ana machungwa" yaache kwanza, hapo utajua anajua nini. Pia maneno ya Kireno tunayo tele kwenye Kiswahili, meza, bendera, leso, gereza, siku moja mfanye yeye ndo mwalimu awasomeshe wenzake.

mtu_wa_micheweni:
Maalim mimi sio mwalimu, ni dereva, ila hii imenigusa. Januari 2001 nlikuwa na miaka 10, baada ya yale mauaji ya waandamanaji kule kwetu Pemba tulipanda dau usiku na mama mpaka Shimoni, Kenya. Tulivuka zaidi ya watu 2,000, wengine baadae tukapelekwa mpaka kambi ya wakimbizi ya Dadaab huko kwenye vumbi, mtoto wa pwani wewe huoni hata bahari. Sasa sikiliza, kila mtu mzima alonikuta alitaka nimsimulie. Uliona nini, nani kapigwa, baba yuko wapi. Wana huruma lakini nlikuwa nikimuona mgeni anakuja najificha. Alonisaidia ni kijana mmoja wa palepale Shimoni, kanipa mshipi tukaenda kuvua changu, hakuniuliza kitu siku nzima. Kwahiyo mtafutie mtoto mmoja mpole akae nae, sio yule hodari wa darasa atamuonea. Na hilo la bati, mtoe upande wa mwembe, mkalishe pahala anaona mlango, na hao wanaocheka waambie siku ambayo yeye hayupo.

kigoda79:
Sawa lakini tuseme kweli, watoto wetu wenyewe wanakaa chini na wanasoma kwa zamu, leo mwalimu huyo huyo ajifunze na Kireno??

bi_mahesabu:
@kigoda79 yakhe nani kasema ajifunze Kireno? Kujua mkato ni nukta kunataka dakika mbili.

karani_mstaafu:
La karatasi za uhamiaji msilisahau. Ami yake aanzie kwa sheha, yule kiongozi wa serikali wa mtaani, sheha hawezi kumaliza yote kwa sababu uhamiaji ni jambo la Muungano, lakini ndie anaejua nani kahamia. Na mkuu wako mwambie kwa adabu kwamba mkataba wa wakimbizi wa 1951, kifungu cha 22, unataka mkimbizi apate elimu ya msingi sawa na mwananchi. Na wewe maalim punguza maelezo ya huyo mtoto humu, Unguja ni ndogo hii.

chaki_nyeupe:
@karani_mstaafu umenena mzee wangu, ntakuwa muangalifu. Mrejesho: daftari nimelipitia upya, nimemrejeshea alama nne zilizokuwa haki yake. Jana kawasomesha wenzake "bandeira" na "mesa", darasa likapiga kelele, mmoja kauliza na urojo ni Kireno? Kacheka, mara ya kwanza namuona meno. Nimemuhamishia karibu na mlango. Mkuu kakubali kusubiri mpaka mtihani wa muhula, na ami yake anakwenda kwa sheha kesho asubuhi inshaallah.