Faili la Revit limefika MB 640, kusinki dakika 12, nalivunja vipi kabla michoro haijaenda kwa QS (mkadiriaji wa gharama)?

mchoraji_makole
Wakuu habari zenu, naomba msaada na ikiwezekana wa haraka maana kazi imenifika shingoni. Tuna mradi wa hosteli ya wanafunzi hapa Dodoma, bloku tatu zinazofanana, kila moja ina ghorofa tatu, halafu kuna bwalo na kibanda cha mlinzi. Tunachora kwa Revit (programu ya kuchora jengo kama modeli ya 3D) watu wanne na mimi ndo nasimamia modeli. Tulianza na faili moja, bloku A tukaimaliza tukaikopi mara mbili humohumo, mwanzoni ilikuwa raha tu. Sasa faili lina MB 640, mashine tatu zina ramu GB 16 na moja GB 32, kusinki (kupeleka kazi ya kila mtu kwenye faili mama la pamoja) ni dakika 12 na wawili wakibonyeza kwa pamoja ndo usiseme, mtu anaenda kunywa chai anarudi bado linazunguka.

Kuna mawili mengine yananichanganya. La kwanza mistari inacheza, ukisogea karibu ukuta unaonekana kama umekatikakatika na hachi (michirizi ya kujazia) ya zege inamwagika nje ya ukuta. La pili QS wetu kahesabu milango kwa mkono kwenye michoro kapata 186, shedyuli (orodha ya hesabu) ya Revit inasema 194. Nimezunguka floo zote hiyo milango 8 siioni.

Bosi anasema tununue mashine mpya. Mimi roho yangu inakataa, naona shida ni namna tulivyoipanga kazi. Nina wiki mbili. Nianzie wapi?

bim_wa_pwani
Mkuu pole sana. Kabla sijasema lolote nijibu moja tu, ramani ya mpima uliingizaje?

mchoraji_makole
Niliimpoti DWG yake (faili la mchoro la AutoCAD) moja kwa moja nikaiweka katikati kwa katikati. Kuna onyo lilitokea la umbali nikabonyeza sawa tukaendelea.

bim_wa_pwani
Basi ugonjwa nimeshauona. Fanya hivi sasa hivi, fungua DWG ya mpima kwenye AutoCAD uangalie mchoro wote kwa pamoja. Nina uhakika utaona kidoti kimoja pembeni kabisa, hicho ndo kiwanja chako, na upande wa pili kuna kitu kingine kimekaa peke yake kwenye sifuri.

Sababu yake ni hii. Wapima wetu wanatumia UTM (mfumo wa kodineti za ramani kwa mita), na Dodoma mko kanda ya 36 Kusini, kwahiyo bikoni zako (alama za mipaka) zinasoma mashariki laki nane na kitu, kaskazini milioni tisa na laki tatu na kitu, hizo ni mita. Yaani kiwanja kipo zaidi ya kilomita 9,300 kutoka sifuri ya mchoro. Sasa akisahau hata herufi moja kule kwenye sifuri, Revit inapoiweka katikati kwa katikati inachukua katikati ya hivyo vitu viwili, kiwanja chako kinaangukia maelfu ya kilomita kutoka kwenye kitovu cha ndani cha programu. Na Revit yenyewe inataka jengo likae ndani ya kilomita 16 tu kutoka kwenye hicho kitovu, ukivuka hapo hesabu zake zinaanza kupoteza usahihi, ndo hayo ya mistari kucheza na hachi kumwagika. Mashine mpya haitatibu hilo hata ununue ya milioni kumi.

Dawa yake: kwenye AutoCAD futa kila kitu kisichohusu kiwanja, sevu kama faili jipya. Kisha tengeneza faili la Revit la kiwanja peke yake, humo ulinki hiyo DWG (yaani ibaki faili la nje linalosomwa tu humo, usiimpoti tena tafadhali), chagua mita kwenye kipimo, iweke katikati kwa katikati, halafu uchukue kodineti kutoka kwenye hiyo linki. Hapo Revit inajua bikoni ipo wapi duniani bila kulihamisha jengo kwenda huko. Majengo unayalinki ndani ya faili la kiwanja, unayazungusha na kuyasogeza mpaka yakae, kisha unayapelekea kodineti zake.

Na usidanganyike na ile amri ya kuhamisha mradi. Inabadilisha kodineti za nje tu, jengo linabaki hukohuko mbali na kitovu. Itabidi ufungue faili jipya safi, ukopi bloku A ubandike karibu na sifuri kwa mkono. Vipimo na maandishi utakopi floo kwa floo. Inachosha ila hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

Mama_Gridi
Naunga mkono hoja, na mimi niongezee la milango. Hiyo milango 8 ipo kaka, imelala juu ya milango mingine. Mlipokopi bloku kuna mtu alibandika mara mbili. Nenda kwenye orodha ya maonyo ya modeli, utakuta linalosema vitu vinavyofanana vipo mahali pamoja, ukilichagua linakuonyesha kila kimoja. Futa kimoja baki na kimoja. Na usiangalie milango peke yake, angalia madirisha, nguzo, vyoo, maana kila pacha anahesabiwa kwenye shedyuli na mwishowe mteja analipia kitu ambacho hakipo. Mimi kwenye timu yangu orodha ya maonyo inafunguliwa kila Ijumaa saa nane mchana, tunafuta kwanza yale yanayogusa hesabu, yale ya ukuta umepinda kidogo yanasubiri.

Halafu vunja faili. Bloku moja iwe faili moja, ilinki mara tatu. Usikopi tena. Ukibadilisha ngazi kwenye bloku A zinabadilika zote tatu.

kijana_wa_ramani
Samahani dada hapo kwenye linki mimi sikubaliani kidogo. Kwanini asitumie grupu (vitu vilivyofungwa pamoja na kurudiwa)? Grupu ipo ndani ya faili hilohilo, mnaona kila kitu, tagi (lebo za vitu) zinakubali, hakuna habari ya njia za faili kupotea. Bloku zikiwa linki namba za vyumba zitafanana zote tatu, chumba 101 kipo A, kipo B, kipo C, hapo fundi atachanganyikiwa.

Mama_Gridi
Mdogo wangu hoja yako ya namba ni ya kweli. Ila grupu la jengo zima lenye ghorofa tatu nimeliishi, lina kuta zinazoshikana na vitu vya nje ya grupu, levo zinagombana, ukihariri kitu kidogo linakwambia haliwezi kubaki kama mengine, linakuomba uvunje. Mtu akibonyeza kuvunja mara moja tu umeshapoteza kufanana kwa bloku na hutajua mpaka saiti. Grupu nalitumia kwa vitu vidogo vinavyojirudia, mfano choo chenye sinki na bomba la kuogea, au chumba cha kitanda mbili na kabati. Hapo ni zuri mno.

Namba tunazitatua hivi: kwenye shedyuli kuna kitiki cha kuingiza vitu vilivyomo ndani ya linki, ukiweka na safu ya jina la linki kila mlango unaonyesha umetoka bloku ipi. Zipe linki zako majina A, B, C tangu mwanzo. Kwenye michoro namba inabaki 101 na karatasi yenyewe ndo inasema Bloku B. Fundi hachanganyikiwi, saiti anashika karatasi ya bloku anayoijenga.

Kama bloku moja ina tofauti, mfano C ina rampu ya viti vya magurudumu, hiyo rampu ichorwe kwenye faili la kiwanja, bloku yenyewe uiache salama.

ndugu_wa_kisauni
Salaam kutoka Mombasa. Ndugu yangu hayo ya linki yamesemwa vizuri, mimi nataka kuuliza habari ya wokseti (mafungu ya vitu ndani ya modeli). Mumezigawa vipi?

mchoraji_makole
Tumezigawa kama leya za AutoCAD, kuta, milango, madirisha, samani, paa, ziko kama 14.

ndugu_wa_kisauni
Ndio makosa ambayo sisi pia tuliyafanya miaka miwili mizima. Wokseti si leya. Kuta na milango tayari Revit inazitofautisha kwa aina yake, huna haja ya kuzigawa tena. Wokseti igawe kwa swali moja, je, kuna wakati nitataka kufungua faili bila hiki kitu kuingia kwenye ramu? Kwa hivyo wokseti ya levo na gridi, ya jengo lenyewe, ya samani, halafu kila linki iwe na wokseti yake. Mtu wa karatasi za milango akifungua asubuhi anafunga ya samani na ya kiwanja, mashine ya GB 16 inapumua. Kwa mizani, Autodesk wenyewe kwenye mahitaji ya mashine wanataja GB 16 kwa modeli ya takriban MB 100, GB 32 kwa takriban MB 300, na GB 64 kwa takriban MB 700. Wewe ulikuwa unabebesha punda mzigo wa lori.

Na jambo jingine, msimiliki wokseti nzima. Acha Revit iazime kitu kimoja kimoja unapokigusa, kisha ukisinki jioni urudishe vyote. Ukienda nyumbani na wokseti mkononi wenzako kesho wanakaa kukungojea.

Kusinki nako kuwe na adabu. Sisi tuna kundi la WhatsApp la kazi hiyo tu, mtu anaandika "nasinki", akimaliza anaandika "tayari". Kabla ya kusinki funga mionekano ya 3D, baki kwenye mchoro mwepesi.

bim_wa_pwani
Hapo kwenye kusinki niongeze la umeme maana limenitoa machozi. Seva yetu ilikuwa na UPS, tukajiona tuko salama. Siku umeme umekatika katikati ya kusinki seva ikabaki hai, ila swichi ya mtandao ilikuwa imechomekwa ukutani. Ikazima. Faili mama likaharibika, likawa linakataa kufunguka. Swichi nayo ichomeke kwenye UPS, ni kifaa kinachokula umeme kidogo sana.

Likiharibika usikimbilie kulikopi lile bovu. Uliza nani amesinki mwisho, kopi yake ya kwenye mashine ndo mpya kuliko zote. Mwambie aifungue, aisevu upya mahali pa faili mama akiwa ameweka kitiki cha kuifanya iwe mama. Wengine wote watupe kopi zao za zamani watengeneze mpya. Waliokuwa na kazi ambayo hawajasinki wataichora upya, hakuna namna, kwahiyo sinkini kila baada ya saa moja au mbili.

Faili mama lisikae kwenye Dropbox au Google Drive. Hizo zinakopi faili kila mtu kivyake, mwisho mna mama wanne wasiojuana.

msanifu_ughaibuni
Niko Dubai kwa sasa, nachungulia tu uzi wenu na umenifurahisha. Huku Manispaa ilianza kulazimisha BIM (kusanifu kwa modeli ya kidijitali ya jengo) mwaka 2014 kwa majengo ya zaidi ya ghorofa 40 pamoja na hospitali na vyuo vikuu, baadae wakashusha mpaka ghorofa 20, kwahiyo mambo haya unayajifunza upende usipende. Nina moja tu la kuongeza. QS wako asipewe faili mnalochorea. ISO 19650 (kiwango cha kimataifa cha kusimamia taarifa za BIM) ya mwaka 2018 imegawa hali nne za taarifa: inayofanyiwa kazi, iliyoshirikishwa, iliyochapishwa na ya kumbukumbu. Hata mkiwa wanne fungueni mafolda manne. Siku ya kumpa QS unafungua faili ukiwa umeweka kitiki cha kulitenga na mama yake, unalisafisha, unaliweka kwenye folda la kushirikisha lenye tarehe. Akirudi na swali wiki ijayo mnaangalia kitu kimoja, maana hiyo 186 na 194 yenu inawezekana kabisa pia ilihesabiwa siku tofauti.

Na kubalianeni toleo la programu. Mmoja akilisevu kwa toleo jipya, la zamani halilifungui tena na hakuna kurudi nyuma.

mchoraji_makole
Wakuu nimerudi baada ya siku tisa. Nilifungua DWG kwenye AutoCAD kama alivyosema bim_wa_pwani, kweli kidoti pembeni, na kule kwenye sifuri kulikuwa na fremu ya karatasi ya mpima yenye mhuri wake. Nimekaa nikaiangalia muda mrefu maana hicho kitu kimetula miezi miwili.

Bloku sasa ni faili moja la MB 118 limelinkiwa mara tatu, bwalo MB 64, kiwanja MB 22. Wokseti zimebaki tano kwa kila faili. Kusinki ni chini ya dakika moja kwenye mashine zilezile. Milango pacha ilikuwa 8 kamili, yote kwenye korido ya ghorofa ya pili bloku B, na tukakuta na masinki 6 ambayo hata QS hakuyaona. Kukopi vipimo floo kwa floo kumekula siku tatu na dada mmoja ofisini amefanya kazi hiyo mpaka usiku, nimemwombea kwa bosi apewe siku ya kupumzika.

Swali la mwisho, nikiilinki bloku kwenye kiwanja nikaizungusha ifuate barabara, michoro ya floo kwenye faili la bloku itabaki imenyooka au nayo itapinda?

bim_wa_pwani
Inabaki imenyooka. Ile ni kaskazini ya mradi, haisogei. Kwenye mchoro wa kiwanja pekee ndo uchague kaskazini ya kweli. Ila ukipeleka kodineti kwenye linki ya pili na ya tatu, kila moja ipe jina lake la mahali, Bloku B, Bloku C, usije ukaandika juu ya ile ya kwanza.

mchoraji_makole
Sawa mkuu, ngoja nifanye hivyo sasa hivi kabla hawajarudi kutoka lanchi.