Malalamiko: Tunaagizwa kuhakiki, tukihakiki tunakatwa alama

Wanajamvi, salaam. Naandika nikiwa na hasira. Nilisubiri siku tatu ili zipungue, na kwa kuwa hazikupungua nimeona heri nizimwage hapa kwa utaratibu kuliko kuzipeleka mlangoni kwa mkufunzi wangu. Mimi ni mwanafunzi wa stashahada ya ualimu katika chuo kimoja mkoani Kigoma, nimezaliwa na kukulia Ujiji, na nikijaaliwa kumaliza nitafundisha Historia na Kiswahili.

Mwezi uliopita tulipewa kazi ya alama 40 yenye sehemu mbili. Kwanza tusome sura ya kitabu cha Henry Morton Stanley cha mwaka 1872 inayosimulia alivyokutana na David Livingstone hapa Ujiji, tuihakiki kama andiko lisilo la kubuni. Kisha tuhakiki riwaya ya Kusadikika ya Shaaban Robert. Maagizo yalikuja kwa maandishi, na neno "uhakiki" lilipigiwa mstari. Nimepata 11. Pembezoni mwa ukurasa wa pili, kwa kalamu nyekundu, imeandikwa: "Wewe ni nani hata umpinge mwandishi aliyekuwepo?"

Naomba nieleze nilichokiandika, ili atakayenihukumu anihukumu kwa hicho.

Sikumtukana Stanley, wala sikusema kwamba mkutano ule haukutokea. Nilianza kwa kuuliza anayetusimulia ni nani na anamwandikia nani, kwa sababu huyu ni mtu aliyezaliwa Wales kwa jina la John Rowlands, wakati huo akijitambulisha kuwa Mmarekani, aliyetumwa na gazeti la New York Herald ili arudi na habari ya kuuza. Mtu wa namna hiyo anaweza kusema kweli tupu, lakini msomaji ana haki ya kumwangalia mikono anapoandika. Baada ya hapo nikaja kwenye tarehe. Stanley anasema alifika tarehe 10 Novemba 1871, ilhali shajara za Livingstone, zilizochapwa mwaka 1874 na ambazo yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma bure, zinauweka ujio wa mgeni huyo mwishoni mwa Oktoba. Ile salamu maarufu ya Stanley, "Dr. Livingstone, I presume?" (Dk. Livingstone, nadhani?), ambayo watalii wanaofika penye mnara wetu huirudia huku wakicheka, Livingstone hakuiandika. Anachokisimulia ni Susi, mtumishi wake, akija mbio huku akihema kusema kwamba amemwona Mwingereza, na bendera ya Marekani ikiutangulia msafara. Nazo kurasa za shajara ya Stanley mwenyewe zinazohusu tukio hilo zilichanwa. Nikahitimisha kwamba maneno ya salamu ile hatuwezi kuyapokea kama ushahidi. Tunaweza kuyapokea kama sentensi nzuri ya mwandishi wa habari aliyeijua kazi yake.

Sasa nirudi kwenye wino mwekundu. Kama kigezo ni kuwepo, Livingstone alikuwepo. Susi alikuwepo. Watu wa Ujiji walikuwepo kwa mamia, katika mji uliokuwa ukiuziana chumvi ya Uvinza, mawese, samaki na pembe za ndovu muda mrefu kabla ya Mzungu yeyote kuuona, na katika sura tuliyopewa kazi yao kubwa ni kupiga kelele na kujaza njia. Nilipoandika kwamba sura hiyo inawahitaji babu zetu kama vumbi la kupambia picha, nilikatwa alama mbili kwa "lugha ya jazba". Hizo mbili nazikubali. Pengine ilikuwa jazba kweli.

Kilichonichoma zaidi ni aya ya Mirambo. Nilionesha kwamba katika kitabu hichohicho mtemi Mirambo wa Urambo, ambaye Agosti 1871 aliwashinda Waarabu wa Tabora pamoja na Stanley aliyekuwa ameungana nao, anachorwa kama jambazi. Lakini mwaka 1876 Stanley alichanjiana naye udugu wa damu, na katika kitabu alichokiandika baada ya hapo jambazi yule amegeuka mtu wa kusifiwa. Mirambo ni yuleyule. Kilichobadilika ni uhusiano wake na mwenye kalamu. Je, kuna mfano ulio bora kuliko huo wa kumfundishia mwanafunzi kwamba maandishi yanayoitwa ya kweli nayo yana upande? Aya nzima imepigwa mkwaju mwekundu na kuandikwa "Nje ya mada".

Upande wa riwaya nitasema kwa ufupi, maana uzi umeshakuwa mrefu. Sote tuliofundishwa fasihi katika shule zetu tunaujua mfuatano: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, msimamo, wahusika, mandhari, halafu kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Siupingi mfuatano huo, kwani unamsaidia anayeanza. Ninachokipinga kilinifumbukia siku tulipogawiwa karatasi, nilipoomba kuona ya mwenzangu aliyepata 34. Kwenye kutofaulu ameandika kwamba mwandishi ameshindwa kwa kuiweka nchi ya Kusadikika ikielea hewani, jambo lisilo halisi. Wa pili kaandika hivyohivyo. Wa tatu pia, mpaka koma yake. Sentensi hiyo inatoka kwenye desa, yaani kijitabu cha majibu ya kukariri, linalouzwa shilingi 2,000 katika steshenari moja pale Mwanga. Yaani hata kasoro za mwandishi tunazikariri! Mtu anamlaumu Shaaban Robert kwa kosa ambalo hajaliona yeye, limeonwa na mpiga chapa wa madesa, naye anaandikiwa "Vizuri, una jicho la kihakiki".

Mimi nilisema kinyume. Nilisema nchi ile kuelea hewani ndiyo ngao ya kitabu, kwa sababu kimechapwa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na mwandishi mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali hiyohiyo. Nchi isiyokuwa kwenye ramani haina gavana wa kukasirika. Kasoro niliyoiona mimi iko mwishoni. Karama, mshtakiwa katika riwaya hiyo, anajitetea kwa siku sita, anawataja wajumbe sita walioitumikia nchi wakalipwa kifungo, na anashinda. Lakini ushindi wenyewe unatolewa na mfalme yuleyule ambaye wajumbe hao walifungwa chini ya utawala wake. Sheria ambayo Karama alitaka ifundishwe hatuioni ikifanya kazi. Tunaona huruma ya mkubwa. Huenda nimekosea, na nilitamani sana mkufunzi anioneshe nilipokosea. Alichoandika ni "Haimo kwenye mwongozo".

Nilimfuata ofisini kwa adabu zote, nikasimama mpaka aliponikaribisha. Nakiri kwamba ana karatasi nyingi za kusahihisha na hakuna anayemsaidia. Alinisikiliza, kisha akaniambia, "Kijana, maoni yako nenda nayo kijiweni. Hapa andika kinachotakiwa, ufaulu, upate ajira." Nilimwambia, "Samahani mkufunzi, swali lilitutaka tuhakiki." Akanijibu kwamba kuhakiki kuna hatua zake na mimi sikuzifuata. Nikamwomba basi anitajie hatua moja niliyoiruka. Akatazama saa.

Na jambo la ajabu ni kwamba asubuhi ya siku hiyohiyo, katika somo la mbinu za kufundishia, tulikuwa tumeandikishwa kwamba tangu mwaka 2005 mitaala ya sekondari inalenga kumjengea mwanafunzi umahiri, kwamba mwalimu ni mwezeshaji, na kwamba swali zuri ni lile linalomfanya mwanafunzi apime, alinganishe na atoe uamuzi wake mwenyewe. Tuliyaandika hayo kwenye madaftari kwa imla, neno kwa neno, na nina hakika yatatoka kwenye mtihani vilevile.

Nimepewa nafasi ya kurudia kazi, mwisho Ijumaa, kwa sharti kwamba "nisifanye ubishi na vitabu". Alama hizi zinaingia kwenye tathmini endelevu, kwa hiyo siwezi kujifanya hazinihusu. Desa ninalo, mwenzangu ameniazima bila hata kumwomba, akaniwekea na alama ya kalamu kwenye ukurasa wa kutofaulu.

Walimu na wakufunzi mliomo humu, naomba kujua mambo mawili. Je, mwanachuo anaweza kuomba karatasi yake isahihishwe na mkufunzi wa pili bila kuonekana mkorofi, na ombi hilo linaanzia kwa mkuu wa idara au kwa mtaaluma? Na nikiiwasilisha tena kazi ileile Ijumaa, nikiwa nimerekebisha ile lugha ya jazba tu na kunukuu shajara ya Livingstone kwa tarehe na ukurasa, kuna aliyewahi kufanya hivyo akabaki chuoni salama? Aya ya Mirambo siitoi.